Jodari na Maji ya Bamvua

Tulikuwa wanafunzi watano wa uhandisi, na watatu kati yetu hawakujua hata kuogelea, lakini mradi tuliouchagua ulikuwa mashua ndogo ya kuendeshwa kwa rimoti ambayo ingepima chumvi katika hori ya Tudor, mkono wa bahari ulioko Mombasa. Tuliiita Jodari kwa kutarajia mbio zake. Mwili wake ulikuwa mtungi wa lita 20 wa mafuta ya kupikia, uliolazwa ubavu na kufungiwa mota mbili, na juu yake tukabandika kisanduku cha saketi.

Kisanduku hicho tulikiziba kwa silikoni ile inayonuka siki, tukakifunika siku hiyohiyo bila kuingoja ikauke, na mvuke wa asidi yake, uliokosa pa kutokea, ukaanza kuila shaba ya nyaya hadi zikashika ukijani. Kila tulipokifungua tulipokewa na harufu ya achari, naye mwenzetu wa saketi akatuhakikishia kuwa hivyo ndivyo vinavyonuka vifaa vipya. Kwa wiki mbili Jodari alizunguka vizuri katika birika la maji uani kwetu, huku mama akiuliza ni lini atarudishiwa maji yake.

Jumamosi ya majaribio tulimkuta mzee mmoja ufukweni akishona nyavu. Tulimwamkia, akaitikia, akamtazama Jodari kwa muda, kisha akauliza, "Wanangu, mmetazama mwezi?"

Mimi, nikiwa kiongozi wa timu, nilimjibu kwa adabu kwamba chombo chetu kinatumia betri, si mwangaza wa mwezi. Mzee hakusema neno jingine, ila alisogeza kigoda chake mahali ambapo angeona vizuri zaidi.

Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, na katika siku hizo za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji ya Mombasa hushuka zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa sita hivi, na maji ya hori hukimbilia baharini kwa kupitia chini ya Daraja la Nyali. Sisi tulimtia Jodari majini wakati maji yakitoka kwa kasi. Antena tulikuwa tumeigundisha chini ya mtungi ili isiharibu sura, mahali ambapo maji huyameza mawimbi ya redio ya rimoti, ya gigahazi 2.4; birikani hatukuligundua hilo kwa kuwa tulisimama hatua moja tu kutoka kwake. Baada ya mita chache rimoti ikapoteza mawasiliano. Mwenzetu wa programu alikuwa ameagiza kwamba mawimbi yakikatika, chombo kishike amri ya mwisho, na amri ya mwisho ilikuwa kwenda mbele kwa nguvu zote.

Tuliruka ndani ya tuktuk. Dereva akauliza tunafuata nini, nikamwambia mashua. Akauliza ndani yake mna nani, nikamwambia hamna mtu. Alitutazama kwenye kioo, akadai nauli kwanza.

Tulimkuta Jodari Bandari ya Kale, amefungwa kamba nyuma ya mtumbwi wa mvuvi, mota zote mbili kimya. Nilipokifungua kisanduku maji yalimwagika miguuni mwangu, na mvuvi akainusa hewa, akauliza, "Mlikuwa mwapeleka achari wapi?"

Alituruhusu kuchukua mota na kisanduku, lakini mtungi akauomba uwe ujira wake, maana alikuwa akitafuta chelezo cha nyavu zake na huo haukuwa na tundu hata moja. Hatukuwa na hoja ya kumpinga.

Siku ya kuwasilisha mradi, mhadhiri alipekua ripoti yetu hadi mwisho, kisha akauliza ni sehemu gani hasa ya chombo iliyofaulu majaribio ya baharini. Nikamjibu kuwa ni mtungi. Akataka auone, nikamwambia uko kazini.