C+ ya Hesabu Mpya

Tuseme kuna mtahiniwa wa shule ya kutwa aliyefanya masomo manane ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kenya: Hisabati D-, Kiingereza C, Kiswahili B, Biolojia C, Kemia D, Dini B+, Historia B-, Kilimo B-. Kwa kanuni ya zamani, Hisabati na lugha zote mbili zilihesabiwa lazima, kisha sayansi mbili, somo moja la jamii na moja la ziada. Kwa masomo hayo saba, A ikiwa pointi 12 na E pointi 1, anapata pointi 44 kati ya 84, yaani C. Kwa kanuni iliyotangazwa mwaka 2023, Ezekiel Machogu akiwa Waziri wa Elimu, ya lazima ni Hisabati na lugha moja tu. Matano yaliyobaki ni yale aliyofanya vizuri zaidi. Kemia inatoka, Kilimo kinaingia. Pointi 49, C+. Mlango wa chuo kikuu umefunguka, na wala hajajua neno moja zaidi ya alilolijua jana.

Ni dhuluma au ni haki? Mimi naanza na haki. Ile D ya Kemia si yake peke yake. Zipo shule ambako mtoto hushika vifaa vya maabara kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo, huku mwenzake wa shule kubwa ya bweni amevishika tangu Kidato cha Kwanza. Kumfungia aliyepata B- ya Kilimo kwa sababu ya maabara ambayo hakujengewa ni kumwadhibu mara mbili. Isitoshe, kanuni mpya haiwezi kumshusha yeyote: mkusanyiko wa zamani bado umo ndani yake, ila sasa anachukua ulio bora.

Hapo ndipo takwimu zinapokera. Waliopata C+ na zaidi walitoka 173,127 mwaka 2022 hadi 201,133 mwaka 2023, na wengi wakashangilia. Lakini waliopata E nao walipanda, kutoka 30,822 hadi 48,174. Kipimo kimelegezwa, na bado walioanguka kabisa wameongezeka! Kwa mtoto mwenye E katika karibu kila somo, hakuna "matano bora" ya kuchagua. Kanuni ilimfaa aliyekuwa mlangoni. Aliye nje ya ua haikumgusa.

Hata huyo aliyeingia, aangalie. C+ humpa sifa ya kuomba shahada, lakini kozi zina masharti ya somo kwa somo. Akitaka udaktari, ile Kemia tuliyoitoa kwenye jumla inamngoja palepale, ikiwa bado D.

Kuna na la Kiswahili, nalo nakiri linaniuma kuliko mengine. Lugha mbili zimewekwa kushindana kwenye nafasi moja ya lazima. Wote bado wanazifanya, ndiyo, na kwa mtahiniwa wetu Kiswahili ndicho kilichombeba. Lakini mwanafunzi anayejua kwamba lugha moja inaweza kuachwa ataipa jioni zake ile anayoiona ina faida, na katika shule nyingi za Kenya sote tunajua ni ipi.

Ajabu ni kwamba Hisabati, inayowaangusha wengi kila mwaka, haikuguswa. Mtaala mpya wa umilisi (CBC), unaochukua nafasi ya ule wa KCSE, ulijaribu kuifanya ya hiari katika shule ya upili ya juu, umma ukapinga, na Aprili 2025 wizara ikairudisha kwa sura mbili: nzito kwa watakaofuata sayansi na teknolojia, nyepesi kwa wengine. Ningependa Kemia nayo ifikiriwe hivyo: kiwango cha kila mtoto kujua, na kingine cha anayeitaka kwa kazi. Kundi la mwisho la KCSE linatarajiwa kukaa mtihani mwaka 2027, na hadi wakati huo kanuni ya matano bora ndiyo itakayoandika vyeti vyao, maabara iwepo isiwepo.