Dawa ya Magugu ya Ohio Haina Kazi Kigamboni

Miongoni mwa maombi yanayonifikia kutoka kwa ndugu wanaojenga Kigamboni, Goba na Madale, linalojirudia siku hizi ni la dawa ya nyasi, ile inayomwagwa uwanjani mapema ili magugu yasiote kabisa. Wameona picha za nyumba zetu za hapa Columbus, Ohio, zenye nyasi za kijani zilizolingana kutoka ukutani hadi barabarani, na wamesikia kwamba kazi yote hufanywa na mfuko mmoja wa chembechembe unaonunuliwa mwezi Machi. Dawa hiyo ninaitumia hapa, kwa kiasi, na ninaamini kwamba hapa ina nafasi yake. Hata hivyo sitaituma nyumbani, na ningependa kueleza sababu zangu kwa kirefu, kwa kuwa naona jambo hili linachukuliwa kana kwamba ni suala la nauli ya mzigo tu.

Kwanza ieleweke inavyofanya kazi. Viambato vinavyotumika sana ni prodiamini, pendimethalini na dithiopiri. Haviui mbegu iliyolala udongoni, wala havizuii mbegu isipasuke. Mbegu hupasuka kama kawaida, lakini mzizi mchanga unapokutana na dawa, seli za ncha yake hushindwa kugawanyika, mzizi hudumaa na kuvimba, na mche hufa kabla haujashika ardhi. Kwa hiyo dawa yenyewe ni utando mwembamba katika sentimita chache za juu za udongo. Ni lazima inyeshewe mvua au imwagiliwe maji ya kiasi cha milimita 12 hivi ili ishuke hadi mbegu zilipo, na ni lazima iwe imekwisha kushuka kabla mbegu hazijaamka. Magugu yaliyokwisha kuchipua na kukomaa huendelea kustawi kana kwamba hakuna kilichomwagwa.

Sharti hilo la wakati ndilo linaloifanya ifae Ohio. Gugu linalosumbua zaidi nyasi za hapa ni la jamii ya Digitaria, nalo huishi mwaka mmoja tu: hutambaa wakati wote wa kiangazi, huangusha mbegu kwa maelfu, na hufa lote jalidi ya kwanza inapoanguka. Majira yote ya baridi mbegu zake hulala, kisha huanza kuota udongo unapofikia takriban nyuzi 13 za Selsiasi kwa siku kadhaa mfululizo, jambo ambalo katikati ya Ohio hutokea kama mwezi Aprili. Wenyeji hukitazama kichaka cha forsithia. Maua yake ya manjano yakichanua, wanajua kwamba wakati wa kumwaga dawa umefika. Baridi imekusanya mbegu zote nyuma ya mlango mmoja, na dawa inawekwa mlangoni hapo. Zaidi ya hayo, hapa hakuna mtu wa kupalilia, kwa sababu kumlipa mtu apige magoti na kung'oa gugu moja moja ni gharama ambayo familia ya kawaida haiwezi kuibeba, na wakati huohuo miji mingi ina sheria ndogo za kudhibiti urefu wa nyasi, na vyama vya wenye nyumba huandika barua na kutoza faini. Siwalaumu majirani zangu.

Sasa tuje Kigamboni. Udongo wa Dar es Salaam haushuki hadi nyuzi 13 siku yoyote ya mwaka, kwa hiyo mbegu hazina usingizi wa pamoja. Huota na masika, huota na vuli, na katikati ya misimu hiyo huota kila palipomwagiliwa maji. Joto na unyevu huwapa vijidudu vya udongo nguvu ya kuivunja dawa mapema, hivyo utando unaodumu msimu mzima hapa utahitaji kurudiwa mara kwa mara huko, na kila marudio ni gharama na sumu ya ziada.

Hata hilo ni dogo ukilinganisha na ndago. Kila aliyewahi kutunza uwanja wa nyasi pwani anajua kwamba kinachomshinda si gugu la mbegu, bali ni ndago, ambayo huzaana kwa viazi vidogo vilivyofichika ardhini na kuunganishwa kwa nyuzi. Prodiamini na pendimethalini hazikitishi kiazi hicho, maana kina akiba yake ya chakula na hakitegemei mzizi mmoja dhaifu wa mbegu. Nyasi zetu zenyewe kwa upande mwingine, ziwe za Pemba au ukoka, aghalabu tunazipanda kwa vipandikizi vinavyotambaa na kutoa mizizi kwenye kila kifundo, na mizizi hiyo michanga ndiyo hasa inayodumazwa na dawa hii. Mtu akiimwaga kwenye uwanja mpya atazizuia nyasi zake zisishike, na ndago itaachiwa nafasi yote. Kitakachozuiwa barabara ni mchicha unaojiotea nyuma ya jiko, ule ambao mama zetu huuchuma bila kuutolea senti.

Uwanja wa kwetu pia si pambo la kutazamwa kutoka barabarani. Hapo ndipo kuku hupekua, watoto hucheza pekupeku, mahindi huanikwa, na mara nyingi kisima kiko hatua chache tu kutoka hapo. Wengi wetu tumekulia kwenye ua wa udongo mtupu uliofagiliwa kwa fagio la chelewa kila asubuhi ili nyoka wasipate pa kujificha. Inanigusa kwamba katika majimbo ya kusini ya Marekani, familia nyingi za watu weusi nazo zilikuwa na ua wa namna hiyo hadi ndani ya karne ya 20, na watafiti kadhaa wanauona kuwa urithi kutoka Afrika. Leo tunaona aibu kwa ua huo, tunaagiza dawa ili tuwe na kitu kingine.

Kuhusu usalama, nisingependa mtu aniambie kwamba Wamarekani wasingeuza kitu kibaya. DCPA, dawa ya kundi hilihili la kuzuia magugu kabla hayajaota, ilisajiliwa Marekani mwaka 1958 na ikatumika kwenye viwanja vya nyasi na mashamba ya mboga kwa miongo mingi. Agosti 2024 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani (EPA) liliisimamisha kwa dharura kwa sababu ya hatari kwa watoto walio tumboni, hatua ya aina hiyo ya kwanza katika karibu miaka 40. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuiondoa tangu 2009. Nchini Kanada, jimbo la Ontario lilipiga marufuku mwaka 2009 viuatilifu vinavyotumika kwa ajili ya urembo wa bustani tu. Sisemi kwamba prodiamini ni DCPA. Ninasema kwamba mfuko ulioandikwa kwa Kiingereza, uliopita nje ya mikono ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na kumwagwa na kijana asiyepewa hata glavu, ni jambo ambalo sitalishiriki. Pendimethalini, kwa mfano, ni sumu kali kwa samaki, na maji ya mvua ya Kigamboni hayana safari ndefu kufika baharini.

Ndugu zangu wanaotaka nyasi nawashauri hivi: kabla ya kupanda, mwagilieni kiwanja mpaka ndago ichipue yote, kisha ichimbuliwe kwa uma pamoja na viazi vyake, viokotwe na vichomwe, na kazi hiyo irudiwe mvua inayofuata. Vipandikizi vichomekwe kwa kubanana, na nyasi zikishika zisikatwe fupi mno, kwa kuwa ndago hudhoofika kivulini. Fedha niliyokusudia kununulia mfuko na kuusafirisha nitaituma kama ilivyo, ilipe vibarua wa kuchimbua.