Kufuli la Kidijitali Lisizidi Sheria

Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba anayerekodi kipindi cha televisheni nyumbani ili akitazame baadaye havunji hakimiliki. Universal na Disney, zilizokuwa zimeishtaki Sony kwa ajili ya Betamax, mashine yake ya kurekodi kanda za video, zilishindwa. Miaka michache tu baadaye Hollywood ikawa inavuna pesa nzuri kwa kuuza kanda za video kwa wenye mashine hizohizo! Basi nikisikia kwamba kumwachia mnunuzi nafasi ya kunakili ni kumfilisi msanii, huwa sishtuki.

Kilichonikera ni DMCA, sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu hakimiliki za kidijitali. Ilipiga marufuku kuvunja kufuli za kidijitali, yaani teknolojia inayozuia filamu au kitabu kunakiliwa, na “matumizi ya haki”, yaani ruhusa ya kisheria ya kutumia kazi ya mtu bila kumwomba, kwa mfano kufundishia, yakabaki kwenye karatasi. Mwalimu anaruhusiwa kuwaonyesha wanafunzi kipande cha filamu. Lakini DVD imefungwa, na kuuza programu ya kuifungua ni kosa. Kila baada ya miaka 3 watu hupeleka maombi ya misamaha ya marufuku hiyo, ambayo hutolewa na mkuu wa Maktaba ya Congress, bunge la Marekani. Haki gani hiyo ya kuombewa upya kila mara?

Na mwenye kufuli ndiye mwenye mali. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu vya George Orwell (ndiyo, huyohuyo aliyeandika riwaya ya serikali inayofuta maandishi ya zamani!) kutoka kwenye Kindle, vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali, za watu waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na hakimiliki. Pesa zilirudishwa na Jeff Bezos, bosi wa Amazon wakati huo, akaomba radhi, lakini vitabu vilikuwa vimeshaondoka.

Tusiwacheke Wamarekani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 nayo inaruhusu kutumia kazi ya mtu kwa utafiti, uhakiki na matumizi binafsi, huku ikimtia hatiani anayevunja kufuli la kiteknolojia.

Sitetei wanaojaza filamu za watu kwenye flashi na kuziuza, hao wakamatwe. Ninachotaka ni kwamba anayefungua kufuli ili afanye jambo lililoruhusiwa na sheria asihesabiwe mhalifu. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 umeshaliweka hilo kwa ajili ya wasioona: kifungu cha 7 kinazitaka nchi zihakikishe kufuli haziwazuii kunufaika na ruhusa wanazopewa na sheria. Kenya ni mwanachama. Wabunge wachukue kifungu hicho wakipanue, kimfikie na mwalimu, mtafiti na mwenye maktaba.