Mashine Yangu Haiuzwi kwa Kilo

Jamani leo niacheni niseme, maana nikinyamaza nitapasuka. Mtu mzima ukikaa uani kwako Jumamosi, bukta kiunoni, msasa mkononi, unasugua chuma ulichonunua kwa hela yako halali, unamkera nani? Wapo wanaobeti, wapo wanaofuga njiwa, wapo wanaoshabikia timu inayowapandisha presha, na hakuna anayewapigia hodi. Mimi nafufua mashine za bustani za kizamani. Basi. Hilo tu.

Iliyopo mezani sasa hivi ni Atco ya kukatia ukoka, mashine ya Mwingereza, iliyotoka kwenye stoo ya nyumba moja ya zamani Oysterbay siku ilipobomolewa kupisha ghorofa. Injini yake Villiers, ya mipigo miwili, kazi ya mikono ya Wolverhampton. Na ndiyo, ua wangu hapa Tabata una saruji, mwembe na kamba ya nguo. Ukoka hakuna. Msiniambie. Mke wangu ameshaniambia, mama mkwe ameshaniambia, na mjumbe wa shina aliniuliza kwa upole kabisa kama kazini mambo yanakwenda salama.

Sasa leo nilikuwa nimefika mahali patamu. Magneti, ile inayotengeneza umeme wa cheche, nimeivua, platini, zile ncha zake za kukatiza umeme, nimezifikia, nazisugua taratibu kwa msasa laini, maana zile zikiwa na ukungu kidogo tu cheche huipati hata uvute kamba mpaka bega ling'oke. Mara nasikia spika: "Vyuma chakavuuu! Betri mbovu, feni mbovu, friji mbovuuu!" Ikasogea, ikafika getini kwangu, ikanyamaza. Wale watu wakinyamaza ujue wameona kitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, huo mzigo tunaubeba?"

Nikajikaza. Nikamwambia kijana, kaa kwenye hiyo ndoo nikufundishe kitu. Nikampa darsa lote: mwaka 1830, huko Stroud, Uingereza, fundi mmoja aitwaye Edwin Budding alitazama mashine ya kiwandani inayonyoa manyoya ya kitambaa cha sufu, akasema hii nikiishusha chini itanyoa majani. Kabla ya hapo bustani za mabwana zilikatwa kwa miundu mirefu, watu wamepanga mstari. Inasimuliwa kwamba Budding aliijaribu mashine yake usiku, majirani wasije wakamwona kichaa.

Kijana akatikisa kichwa kwa huzuni. "Kwa hiyo mzee, hiki ni chuma cha Uingereza."

"Naam!"

"Cha Uingereza kizito. Tukipime."

Sikukata tamaa. Nikamwonyesha roli, vile visu vinavyojipinda. Nikamweleza kwamba hii haipigi majani kama fyekeo. Visu vinapita juu ya kisu cha chini, vinakata kimkasi, na ili vikae sawa unavipaka ule unga wa kusagia valvu, unazungusha roli kinyumenyume mpaka vinoane. Nikachana kipande cha gazeti, nikakiweka, nikazungusha kwa mkono. Chwaa! Karatasi ikakatika mwanzo hadi mwisho, mstari umenyooka. Nikamtazama usoni, nikitegemea machozi.

"Visu vizima hivi," akasema. "Mtu wa kutengeneza mapanga atavitaka."

Hapo ndipo mke wangu akatokea jikoni, khanga kifuani, mwiko mkononi. "Mpimie tu, Baba Neema, tujue."

Tujue nini?

Kufumba na kufumbua mizani imeshaning'inizwa kwenye tawi la mwembe, na jirani yangu, yule ambaye nikimwomba anishikie ngazi mgongo unamuuma, amekuja mbio kusaidia kuinua. Mashine ya watu ikapanda juu, inayumba, inavuja oili kwenye nguo za shule. Kijana akaizunguka kama muuza bucha mbele ya ng'ombe aliyetundikwa. Akagonga hapa kwa kucha: "Silinda, chuma cha kawaida." Akagonga pale: "Kichwa alumini, hiyo bei yake mbali." Akachungulia chini: "Na humu kwenye koili kuna kopa." Jamani! Fundi niliyempa hela yangu alishindwa kuiona koili ilipo, akaniambia injini za namna hii hazina. Huyu kaiona bila kushika spana!

Akataja bei. Mke wangu akasema ongeza. Akaongeza. Jirani akasema kwa bei hiyo na yeye ana feni. Mwanangu wa mwisho akauliza kama hiyo hela inatosha baiskeli. Mnada umechangamka, na mwenye mali nimesimama pembeni na platini zangu kiganjani, hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Nikalipuka. Nikasema hivi katika mji huu lazima kila kitu kiuzwe? Mnajua nilivyohangaika na hii kitu? Boliti zake za Whitworth, kipimo cha mwaka 1841, spana ya milimita ukiiweka inacheza, ukilazimisha inakula kona. Kariakoo nzima nimezunguka na boliti moja mfukoni, kila duka naulizwa, "Ni ya bodaboda gani?" Ringi nimekereziwa na mafundi wa mtaa wa Gerezani, gasketi nimekata mwenyewe kwa mkasi wa kushonea, mkasi wenyewe mpaka leo unatafutwa! Nikishika grenda umeme unakatika, ukirudi ni saa ya taarifa ya habari. Hela ya petroli naitoa kwenye hela ya supu!

Uani kimya. "Pole mzee," kijana akasema, kwa ile sauti ya kuongea na mgonjwa wodini. "Mimi napita kila Jumamosi." Akachukua feni ya jirani, akaondoka.

Ningekuwa nimemaliza, ila jirani alipiga picha. Mashine yangu, mwembeni, inaning'inia. Akairusha kwenye grupu la kamati ya harusi ya mpwa wangu, ambako sijui nani alimuunganisha. Saa hiyohiyo mwenyekiti akaandika: "Tunamshukuru mjomba, suala la bustani ya ukumbi limepata ufumbuzi."

Ile bustani naijua, majani yamefika magotini. Nikaandika kwa heshima zote kwamba mashine ya roli haiwezi majani marefu, inayalaza tu, hiyo ni ya ukoka mfupi. Mweka hazina akajibu: "Basi mjomba afyeke kwanza." Wakafuata watu wanane na vidole gumba. Nikawaambia injini bado haijawaka. Katibu akasema harusi ni mwezi ujao, muda upo.

Jioni bajeti mpya ikatoka. Mapambo, milioni moja na nusu. MC, laki nane. Mafuta ya mashine, juu ya mjomba. Na ahadi yangu ya laki mbili ipo palepale, haijapunguzwa hata senti, pembeni wameandika kwa herufi kubwa: KUMBUSHO LA PILI.