Huyo Mhehe wa kwenye tamthilia simjui

Kuna mwandishi anasema vichekesho vya makabila kwenye tamthilia zetu ni utani tu, tusikuze mambo. Utani tunaujua jamani. Mimi Mhehe, na Mngoni, mtani wangu, akinitania msibani nacheka, maana kesho ni zamu yangu. Kwenye runinga namrudishia nani? Dada wa kazi lazima atoke Iringa, aogope friji, aseme "kamwene" (salamu yetu ya Kihehe) hata akijibu simu, na lafudhi yenyewe ni ya Kinondoni, Dar!

Nilipokwenda kupanga chumba Dar, mama mwenye nyumba aliposikia natoka Ipogolo, Iringa, akaniuliza kama nafanya kazi za ndani. Mkononi nimeshika barua ya ajira ya uhasibu. (Kazi za ndani si aibu, dada yangu kazifanya.)

Ila kinachoniudhi zaidi ni ile ya "Wahehe wanajinyonga". Mkwawa, mtemi wetu, aliwapiga Wajerumani pale Lugalo 1891, wakamsaka miaka, 1898 akajipiga risasi asikamatwe. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likarudi 1954, liko Kalenga, Iringa. Historia yote hiyo, mtunzi wa tamthilia kaona kamba tu, tena kamba yenyewe mzee hakuitumia.

Tamthilia ijayo dada wa kazi atoke Masaki kwa matajiri basi, tuone.