Ofisi zetu zipo nchi nzima

Jamani mie leo nina langu moyoni na msinambie nimezidi kulalamika, mke wangu keshanambia tokea asubuhi. Nina kinyumba changu hapa Wete, Pemba, upande wa Limbani, vyumba viwili na ukumbi, choo cha ndani. Nimekijenga miaka tisa kwa pesa za karafuu, mwaka mikarafuu ikizaa napandisha kozi tatu, mwaka isiozaa nakaa naiangalia. Sasa kimemalizika nataka mpangaji. Hilo tu ndo kosa langu.

Mtu mwenye akili atasema si umtafute dalali. Dalali tunae, anakaa barazani karibu na soko, hana ofisi hana kompyuta na kila nyumba ya Wete anaijua, nani anahama, nani kagombana na mwenye nyumba, wapi warithi hawajagawana. Tatizo dalali mwenyewe ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu khasa. Nyumba ya marehemu mama alinipatia mpangaji, sikatai, lakini kabla kodi haijanifika mkononi mji mzima ushajua nimepokea ngapi, wakaja watu wanne kunikopa, na mmoja kaja na hesabu kaiandika kwenye karatasi, ati "zile za miezi mitatu ukitoa ya dalali zinabaki hizi". Ukitoa ya dalali! Nikasema mara hii siri, mara hii naenda kampuni.

Kampuni yenyewe siitaji jina, ya udalali wa nyumba na viwanja, kalenda yao nimeiona kwa kinyozi. Maandishi makubwa OFISI ZETU ZIPO NCHI NZIMA, chini yake ramani ya Tanzania na vidoti vyekundu kama mtoto mwenye surua. Nikanyoosha shingo kutafuta Pemba, kinyozi ananambia tulia ntakukata sikio. Pemba haipo yakhe! Si kwamba haina kidoti, haipo yenyewe, pale baharini ilipotakiwa ikae wamebandika nembo ya kampuni, kijumba na ufunguo. Kisiwa cha watu zaidi ya laki tano kwa sensa ya 2022, mikoa miwili, wilaya nne, kimekaliwa na kijumba.

Nikaomba kalenda nikaenda nayo nyumbani kuvihesabu vile vidoti. Kumi na mbili. Nchi ina mikoa 31 wao wana ofisi kumi na mbili, na katika hizo tano zipo Dar es Salaam, Posta, Masaki, Mikocheni, Mbezi Beach, Kigamboni. Masaki na Mikocheni mtu akipiga chafya hapa wanamuombea dua kule. Arusha wameweka na Moshi wameweka, safari ya kama kilomita themanini tu, sijui waliogopa mteja akichoka njiani atabadili mawazo. Dodoma ndo imenichekesha, imetangazwa makao makuu tokea 1973, wao wameijua juzi serikali ilipohamia na wakubwa wakaanza kutafuta pa kulala. Mwanza moja, Tanga moja. Unguja mbili, Fumba na Paje, maana huko nyumba inatajwa kwa dola, na ukitaja shilingi wanakuuliza umemfata nani. Halafu ukiangalia Kigoma, Katavi, Rukwa, Lindi, Mtwara, peupe. Kwa hiyo si sie peke yetu, isipokua mtu wa Sumbawanga angalau anajiona kwenye ramani, hajafunikwa na ufunguo.

Nikapiga simu. Kapokea binti sauti tamu, kanambia nijaze fomu kwenye simu. Fomu inataka Kata, nkamwambia sie tuna shehia. Akauliza "shehia ndo nini kaka?" nkamwambia ile anayoisimamia sheha. "Sheha ndo mwenye nyumba?" Nikavuta pumzi. Nkamweleza sheha ni kama mwenyekiti wenu wa serikali ya mtaa huko bara ila huyu wetu anateuliwa, hachaguliwi, na bila ya barua yake huku hata mbuzi humuuzi vizuri. Akasema haya, namba ya hati? Kiwanja ni kipande cha eka tatu alizopewa baba baada ya Mapinduzi, karatasi yake ninayo imekunjwa mpaka kwenye mikunjo unaona upande wa pili, namba yake imeliwa na mende. Binti akasema basi andika sifuri.

Chini kabisa pameandikwa "Ofisi iliyo karibu nawe", hapo hujazi, programu inajaza yenyewe. Ikafikiri ikafikiri ikaandika TANGA.

Na kwa rula haijakosea. Wete na Tanga zinatazamana, kama kilomita sabini tu moja kwa moja. Ila hapo kati ndo kuna mkondo wa Pemba ambao kina chake kinapita mita mia nane, hilo programu haijaliona kua ni jambo la kutaja. Siku ya pili simu inalia, kijana wa ofisi ya Tanga, mwenye adabu zake, "Shikamoo mzee, nakuja kupiga picha nyumba, kutoka hapa stendi bodaboda wanachukua shilingi ngapi mpaka kwako?" Nikanyamaza. Mke wangu kwa chumbani anauliza nani huyo, nkamwambia wa bima. Kwa taratibu nkamuuliza kijana, mwanangu unajua kuogelea? Akakata simu, na tokea siku hiyo hapokei.

Zikapita wiki sita nyumba imekaa tupu, popo washaanza kuulizia. Mara ujumbe unaingia kwenye simu: FURAHA KUBWA KWA WATEJA WETU WA PEMBA, TUMEFUNGUA OFISI YA KANDA YA PEMBA. Wallahi niliruka. Nikashuka chini kusoma anuani, Ofisi ya Kanda ya Pemba ipo Michenzani, Unguja. Nimerudia mara tatu, nikavaa miwani, bado Unguja.

Lakini mtu ukishapoteza wiki sita huwezi kuacha, unakua kama mcheza bao kafungwa anataka tena. Nyumbani nkaaga nakwenda Unguja kung'oa jino. Gari ya 606 mpaka Chake, 603 mpaka Mkoani, boti. Tulipofika mkondo wa Nungwi bahari ikaanza mambo yake, jirani yangu kaomba mfuko na mie nkaomba, ile karatasi ya baba nimeibana kwapani ndani ya nailoni. Malindi nimeshuka miguu ya mpira, na kutoka hapo kwenda Michenzani nkaenda kwa miguu kwa sababu nauli yote ishaliwa na bahari.

Ofisi nimeiona. Nzuri, kioo kitupu, kijumba na ufunguo mkubwa mlangoni. Mlango umefungwa. Karatasi imebandikwa: OFISA YUPO PEMBA KUWATEMBELEA WATEJA, RUDI JUMATATU. Siku yenyewe Alkhamisi.

Nimekaa kwenye ngazi pale mtu anaepita anadhani naomba. Simu ikalia, shemeji. "Shem, hapa barazani kuna kijana kafunga tai anakuulizia, jua limemtoa kijasho, nimempa chai. Anasema una nyumba ya kupangisha Limbani, mbona hukunambia? Nishampeleka kaiona, kapiga picha, na hapa tulivyorudi yupo bwana mmoja wa mradi anaitaka, nimemwambia laki na nusu, watu wote hapa wanasema ni bei nzuri."

Nkamwambia sawa shemeji.

"Haya, na jino linaendeleaje?"