Voisi ya Mkoani na kifungu cha 16

Jioni moja Mkoani, Pemba, iliingia voisi ya sekunde chache: boti iliyotoka bandari ya Malindi, Unguja, imezama mkondo wa Nungwi. Jina la msemaji hakuna. Jirani yangu, ambaye mwanawe alikuwamo safarini, aliirusha kwenye grupu la familia, kisha akatoka mbio kwenda bandarini, hana hata viatu. Tangu meli ya Spice Islander izame, Septemba 2011, mkondo ule si wa kufanyiwa mzaha.

Kwa hiyo wanaotaka sheria isiguse kabisa maneno ya mtandaoni siwezi kwenda nao. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, ukileta habari ya kuzua utaulizwa "Nani kakwambia?" kabla kahawa haijapoa. Voisi haina wa kuiuliza.

Lakini kisome kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinachoadhibu kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni. Faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wanaokitetea wana hoja: lazima ithibitike kuwa ulijua ni uongo, na ulikusudia. Jirani yangu, basi, hana kosa. Tazama lakini makusudio yenyewe: kukashifu, kutisha, kutukana, au kupotosha umma kwa namna nyingine yoyote. Hilo la mwisho ni dema la samaki la matundu madogo, halichagui changu wala kitoto chake. Aliyezua ajali na aliyekosea hesabu za barabara akiisema serikali wanaweza kuingizwa humo humo. Huyo wa pili hata akishinda, keshapoteza miezi akienda na kurudi mahakamani. Wenzake wakiona hayo, hunyamaza.

(Na kichekesho chetu: gazeti la Unguja lina sheria yake ya Zanzibar ya 1988, sentensi ile ile ukiitia Facebook umeingia sheria ya Muungano.)

Mimi ningeitenga kashfa iende kwenye madai, jela ibaki kwa anayezusha hofu makusudi. Katiba ya Zanzibar, kifungu cha 18, inalinda maoni; cha 24 kinaruhusu mipaka, si kuziba midomo. Kuzima mtandao mzima, kama Oktoba 2025, ndiko sikuelewi kabisa.

Jioni ile bandari haikutulizwa na polisi. Kijana mmoja ndani ya boti alipata mtandao walipoikaribia Pemba, akarusha picha ya abiria wakila njugu.